Miche 62 ya Kikogwe

Ndugu mkulima, mkonge wetu ulianza na miche michache iliyonusurika safari. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipitia Hamburg, mji wa theluji, ilhali mkonge ni mmea wa joto. Baridi ya kugandisha huuharibu. Iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapa Pangani. (Wapo wanaosimulia ilifichwa tumboni mwa mamba mkavu, mimi siamini.)

Ilitosha, kwa kuwa mlingoti mmoja wa mkonge huzaa miche zaidi ya elfu. Mchungwa wa kubebesha haukupi nafasi hiyo. Ukiuleta kwa bodaboda kutoka Muheza, adui ni jua na upepo: safiri alfajiri, mizizi ibaki na udongo wenye unyevu, majani yafunikwe gunia bichi.