Bajaji za Watu Wenye Ulemavu na Matumizi ya Maegesho Yaliyotengwa

Pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo Watanzania huiita bajaji kutokana na jina la kampuni ya India inayoitengeneza, humfaa sana mtu mwenye ulemavu wa miguu. Inaposimama haihitaji kuegemezwa kwa mguu. Katika bajaji za abiria zilizozoeleka, klachi na gia huendeshwa kwa mkono wa kushoto, na mafuta huongezwa kwa mkono wa kulia. Kinachobaki kwa mguu ni breki, nayo fundi huiwekea wenzo wa mkono.

Baadhi ya vikundi vya watu wenye ulemavu vimenunua bajaji kwa mikopo ya halmashauri, ambazo kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani. Asilimia 2 kati ya hizo ni ya kundi hilo.

Ugumu huanza safari inapokwisha. Dereva anayetumia kiti mwendo hukibeba nyuma, penye nafasi ya abiria. Ili ashuke, kiti hicho sharti kiteremshwe, kikunjuliwe na kusogezwa ubavuni mwake, kisha ajihamishe kwa nguvu za mikono. Hayo hayawezekani mahali palipobanana. Ndiyo maana kando ya maegesho yaliyotengwa huchorwa ukanda wa mistari ya mshazari. Viwango vya Marekani, kwa mfano, vinataka uwe na upana wa takriban mita 1.5. Mwenye bodaboda huuona ukanda huo kuwa pengo lisilo na mwenyewe, akaegesha hapo kwa “dakika mbili tu”. Dereva aliyekwishashuka akirudi, hana pa kupitia kukifikia chombo chake.

Alama ya mtu aliyeketi kwenye kiti mwendo, iliyotokana na mchoro wa mwaka 1968 wa Susanne Koefoed, mwanafunzi wa Denmark, humtaja mtu, si aina ya chombo. Kwa hiyo mlinzi hapaswi kumwelekeza dereva huyo kwenye safu ya bodaboda kwa hoja kwamba bajaji ni ndogo. Vivyo hivyo, bajaji isiyo na dereva wala abiria mwenye ulemavu haina nafasi hapo. Mlinzi aulize kwa staha, kwani mguu wa bandia hufichwa na suruali.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9. Ibara ya 9 ya Mkataba huo inahusu ufikikaji wa majengo, barabara na usafiri.

Dereva mwenyewe huegesha akiuacha ukanda wa mistari upande anaoshukia. Ukiwa upande wa pili, huingia kinyumenyume.