Mtungi wa Pandora

Leo twapenda kuzungumza juu ya hadithi moja ya Wayunani wa kale, maana sisi wenyewe tuliifundisha vibaya kwa miaka mingi.

Tulikuwa tukisimulia hivi: mwanamke wa kwanza, jina lake Pandora, alipewa kasha akakatazwa kulifungua, naye kwa udadisi wake akalifungua, maradhi na taabu zote zikaenea duniani. Siku moja binti mmoja darasani akauliza, "Bwana Mwalimu, ni nani aliyemkataza?" Tukajibu kwa haraka kuwa ni Zeus, mkuu wa miungu. Usiku tukakifungua kitabu, tukaona tumekosa.

Hadithi hii yatoka kwa mshairi Hesiod, aliyeishi yapata mwaka 700 K.K. Yeye asema kwamba Prometheus alimwibia Zeus moto akawapa wanadamu. Zeus akaghadhibika, akaamuru mwanamke afinyangwe kwa udongo na maji, apambwe, kisha apelekwe kwa Epimetheus, nduguye Prometheus. Pandora akafunua mtungi mkubwa, mabaya yakatoka, likabaki Tumaini peke yake.

Tazameni sasa. Hapakuwa na kasha, bali mtungi wa kuwekea akiba. Kasha liliingia katika karne ya 16, mtaalamu Erasmus alipoieleza hadithi hii kwa Kilatini. Wala Hesiod hasemi popote kuwa Pandora alikatazwa. Aliyeonywa ni mwanamume: Prometheus alimwambia Epimetheus asipokee zawadi yoyote ya Zeus, naye akasahau. Lakini Epimetheus, ni nani amlaumuye?

Hatusemi kwamba Hesiod aliwatetea wanawake. La, yeye aliwaita msiba kwa wanaume. Lakini Wayunani hawakuwa na neno moja. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, kipo kikombe cha yapata mwaka 460 K.K. Kimechorwa mwanamke huyu huyu kati ya Athena na Hephaestus, na jina lililoandikwa kwake si Pandora, bali Anesidora, maana yake "apandishaye zawadi", kama ardhi ioteshavyo mazao. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wameona kwamba, kabla hajafanywa asili ya misiba, aliheshimiwa kuwa mama wa ardhi, mpaji wa riziki.

Wahenga walinena: Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwanadamu apatapo taabu hutafuta wa kumtwika. Basi tusomapo hadithi za kale yatupasa kuuliza: ni nani asimuliaye, na ni nani asiyepewa nafasi ya kusema? Hesiod asema Hermes alimtia Pandora sauti. Lakini katika shairi lote hatumsikii akinena hata neno moja.

Yule binti tulimjibu kesho yake, mbele ya darasa zima, kwamba swali lake lilikuwa la haki, na jibu letu lilikuwa kosa. Kwaherini.