Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wageni wa Visiwa vya Mafia

Wahenga husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Makala haya yanakusudia kuupima usemi huo kwa historia ya Visiwa vya Mafia. Kwetu tunaokaa Picha ya Ndege, jambo hili si geni, maana Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Mafia ni wilaya ya mkoa huo huo. Hata hivyo, wengi wetu huijua Mafia kwa jina tu. Aendaye hupanda chombo Nyamisati, karibu na delta ya Rufiji, akashuka Kilindoni.

Huko huwakuta Wambwera, wanaohesabiwa miongoni mwa wakazi wa zamani wa visiwa hivyo. Katika kisiwa cha Juani huona magofu ya Kua, mji uliokuwa na misikiti na jumba la watawala. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, waliuvamia mji huo, wakaubomoa na kuwachukua watu mateka. Hao nao walikuwa wageni.

Baadaye Waarabu wa Omani walipanda minazi, wakaitunza kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Mafia ni mali ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 ikaingia mikononi mwa Wajerumani pamoja na mwambao, na Sultani akalipwa Marki milioni 4. Januari 1915 Waingereza wakaiteka, wakaitumia kuishambulia manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, hata ikaangamizwa Julai mwaka huo. Katika mapatano hayo yote, mvuvi wa Jibondo hakuulizwa neno.

Tena mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Kusudi lake ni jema, kwa kuwa baruti ilikuwa ikiharibu matumbawe na mazalia ya samaki. Lakini hifadhi ilileta pia mipaka na masharti ya nyavu, na baadhi ya wavuvi, hasa wa Jibondo, waliyapinga. Kwao bahari si mandhari ya kutazamwa, ni shamba.

Ndugu msomaji, tusiwanyoshee wengine kidole upesi. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, katika miaka ile ile Wajerumani walipokuwa wakiimiliki nchi. Injili aliyoileta ni ya kweli. Lakini merikebu za zama hizo zilibeba mizigo mingi pamoja, na mwenyeji hakuweza kuitenga kwa urahisi.

Katika Luka 10 Bwana aliwatuma wale sabini bila mfuko wala mkoba, wakae nyumba ile ile na kula walichoandaliwa. Kwa maneno mengine, aliwafanya wamtegemee mwenyeji. Basi mwanafunzi wa theolojia aendaye Mafia, kwenye jamii ambayo karibu yote ni ya Kiislamu, hana budi kwanza kuketi mkekani, kusikiliza habari za Kua na za nyavu, na kuuliza ni nini wenyeji wanachokihitaji. Wageni waliotangulia walijua wanachotaka kuchukua kabla hawajashuka chomboni.