Penseli ya Hudhurungi

Darasa la saba tulichora ramani ya Kenya. Nyanda za juu tulizipaka kijani: chai ya Kericho, kahawa ya Nyeri, ngano ya Uasin Gishu. Pwani tukachora minazi. Kaskazini, karibu nusu ya karatasi, mwalimu akasema tupake hudhurungi na tuandike "ukame". Penseli yangu iliisha kabla sijafika Mandera.

Nilikua nikiamini Mungu ndiye aligawa hivyo. Ni kweli mvua hailazimishwi. Lakini reli je? Ilianza Mombasa 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901, na walowezi wakaifuata na majembe yao. Mwaka uliofuata, 1902, serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kufunga wilaya za pembeni. Kaskazini ukaingia kwa kibali. Sasa niambie, ni biashara gani itanawiri mahali mgeni anahitaji barua ya kuingia?

Na usiniambie reli inaogopa jua. Magadi ni tanuri, lakini kwa sababu ziwa lile lina magadi ya kuuza, reli ilichepushwa kutoka Konza hadi pale kabla Vita vya Kwanza vya Dunia kuisha.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka Namba 10, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Ulisema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, uchukuzi, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Hebu soma hiyo orodha tena, polepole. Mvua sawa. Lakini barabara na umeme haviangushwi na mawingu! Aliyenyimwa jana alinyimwa tena leo kwa kosa la kunyimwa jana. Wakati huo huo kaskazini kulikuwa na vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari zilidumu huko hadi 1991.

Leo, upande wa Loiyangalani, kumesimama mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Ili ifike huko, barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis ilitengenezwa. Halafu nyaya zikavutwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kuleta stima huku kwetu. Upepo wenyewe ulikuwa ukivuma vivyo hivyo 1965.

Nilipoacha chuo nilipanda basi la Marsabit, nikiwa na begi moja na hasira nyingi. Tulipopita Isiolo, mama aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Kijana, Kenya umetoka lini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja jibu.

"Jana usiku, mama," nikamwambia.