Chakula cha Noeli, kati ya Butembo na Beni

Mihogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika. Babu zetu Wanande wakavipokea, vikakuwa chakula cha nyumbani. Kwa Noeli na Bonane, Butembo na Lubero, kwenye baridi, walitoa viazi, maharagi na mashu; Beni, kwenye joto, walitoa mchele, ndizi na mafuta ya ngazi. Barabara ya kilomita 54 hivi iliunganisha vyote: bugali, sombe, maharagi, nyama kidogo. Ni chakula chenye afya, tena cha bei kidogo.

Lakini tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza wakulima wengi wa teritwari ya Beni mashambani. Tarehe 25 Desemba 2021 bomu ikaua watu ndani ya restora mjini Beni. Kwa hiyo, tukiwashauri wamama wapike vizuri siku kuu, tuulize kwanza: ni nani anaweza kufika shambani kuchuma sombe?