Shaaban Robert, Karani wa Serikali

Wanafunzi wetu wamjua Shaaban Robert kwa vitabu vyake. Waulizwapo alikuwa nani, hujibu upesi: mshairi, mwandishi wa Kusadikika. Jibu hilo si kosa, ila lina upungufu. Tangu mwaka 1926 hadi 1960, yaani muda wa miaka 34, mtu huyu alikula mshahara wa karani. Mchana aliandika maneno ya serikali. Maneno yake mwenyewe yalingoja saa za kutoka kazini.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hadi 1926, na mwaka ule ule wa kumaliza masomo akaajiriwa katika Idara ya Forodha. Humo alidumu hadi 1944, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyotumikia. Kazi ya forodha haina utenzi ndani yake. Chombo hutia nanga, mzigo hushushwa, na karani hana budi kutaja kila kitu kwa jina lake, kwa hesabu yake na kwa uzani wake. Huenda twakosea, lakini sisi tuliotumia maisha yetu nyuma ya meza za serikali, tusomapo nathari ya Shaaban Robert, twauona mkono wa forodhani. Hakuna neno lililopita bila ya kupimwa.

Mwaka 1944 alihamia Idara ya Mifugo, akaenda kukaa Mpwapwa, mbali na bahari. Alirudi Tanga mwaka 1946, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hadi alipostaafu mwaka 1960. Forodha, mifugo, wilaya, ardhi: idara nne, na katika zote nne ni karani. Vijana wasishangae. Katika serikali ya kikoloni madaraja ya kazi na mishahara yalipangwa kwa rangi za watu, na Mwafrika aliyesoma kama yeye hakuwa na mengi ya kutazamia zaidi ya ukarani. Waingereza walimpa nishani ya M.B.E., naye akapata na tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake. Nishani huvaliwa kifuani siku ya sherehe. Kesho yake mtu hurudi kwenye kiti kile kile.

Hapa ndipo tunapopenda kumwomba mwalimu akisome tena Kusadikika pamoja na wanafunzi wake. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, mwandishi akiwa bado karani wa ofisi ya wilaya. Ndani yake Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za jirani. Kila mmoja alikwenda, akapata taabu, akarudi na taarifa yenye manufaa kwa taifa lake. Na kila mmoja, badala ya kusikilizwa, alitiwa kifungoni. Wengi wamekieleza kisa hiki kuwa ni fumbo juu ya utawala wa kigeni, nasi twakubali. Lakini twaona humo jambo jingine dogo, ambalo karani yeyote atalitambua bila ya kufafanuliwa: taarifa iliyoandikwa kwa uaminifu, ikapelekwa juu, isisomwe. Uchungu wa namna hiyo hautungwi na mtu aliyeusikia kwa jirani.

Na bado hakuacha kazi. Alikuwa na jamaa wa kulisha, na vitabu havikumpa riziki ya kutosha kuachia mshahara. Hali hii yafaa ikumbukwe tunapomsoma Utubora Mkulima, kijana aliyeacha kazi yenye mshahara mzuri Unguja akaenda kushika jembe kijijini. Shaaban Robert alimpa Utubora uhuru ambao yeye mwenyewe aliungoja hadi mwaka 1960.

Sehemu ya maisha hayo twaweza kuyafuata leo kwa sababu nduguye, Yusuf Ulenge, alizihifadhi barua alizoandikiwa tangu mwaka 1931 hadi 1958. Zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ingalikuwa si sanduku la ndugu mmoja, tungebaki na karatasi za ofisini tu, na katika karatasi za ofisini karani haonekani: huonekana saini ya mkubwa wake.

Alifariki mwezi Juni 1962, umri wake miaka 53, akazikwa kwao Machui. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu iliyopita, na baada ya utumishi wa miaka 34 alikuwa amepata miaka miwili ya kuwa bwana wa wakati wake. Kazi nyingi zilibaki katika miswada. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka mwaka 1968. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, mwaka aliorudi Tanga kutoka Mpwapwa, kilipigwa chapa mwaka 1967, mwandishi akiwa na miaka mitano kaburini.