Aliyetuondolea mikwaruzo redioni

Radi zinapopiga wakati wa masika, redio ya AM hukwaruza mpaka ukaizima, lakini ya FM huendelea kuimba kana kwamba hapana jambo. Raha hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe alikufa akiidai.

Huyo ni Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa New York. Tarehe 26 Desemba 1933 serikali ya Marekani ilimpa hataza za FM, yaani hati za kumlinda mvumbuzi. Ulinzi wenyewe ulikuwa wa miaka 17 tu.

Hataza ni kama hati ya shamba. Maelezo yake huwa marefu, lakini mipaka imo katika ibara za mwisho ziitwazo madai. Kila neno humo ni jiwe la mpaka.

Armstrong aliyaweka wapi mawe yake? Kelele za radi na za mota huvuruga zaidi kimo cha wimbi. Yeye aliipakia sauti kwenye masafa ya wimbi, tena akayapanua sana, wakati wataalamu waliamini kwamba kelele hupunguzwa kwa kuyabana. Kisha ndani ya redio akaweka saketi ya kukata vilele vya wimbi, na kelele zikakatwa pamoja navyo.

Mwaka 1940 kampuni ya RCA ilimwahidi dola milioni moja kwa mkupuo. Alikataa, akitaka alipwe kwa kila redio kama kampuni nyingine zilivyomlipa. RCA ikatengeneza redio za FM bila kumlipa, ikidai kuwa saketi yake ni nyingine kabisa. Armstrong akashikilia kwamba kazi ni ile ile. Basi, aliyebadili chombo lakini akapata matokeo yale yale kwa njia ile ile, yuko nje ya mpaka au ndani?

Mwaka 1948 Armstrong alikwenda mahakamani. Mkuu wa RCA, David Sarnoff, alitoa ushahidi kwamba kampuni zake ziliiendeleza FM kuliko mtu yeyote, akiwemo Armstrong. Mawakili walihoji, wakaahirisha, wakahoji tena. Desemba 1950 hataza zikamaliza muda, na kesi ingali changa. Pesa zikamwishia, na ndoa ikavunjika. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1954, alijiua.

Mkewe, Marion, hakukubali. Desemba mwaka huo huo RCA ilimlipa takriban dola milioni moja. Mwaka 1959 mahakama iliamua dhidi ya kampuni ya Emerson kwamba hataza zilikuwa halali na zilikiukwa. Kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, alishinda mwaka 1967.

Kwa hiyo mahakimu waliposoma yale madai hadi mwisho, waliona mipaka iko pale pale alipoiweka mwenyewe. Nionavyo mimi, aliyemshinda Armstrong ni kalenda, wala si sheria. Mwenye mfuko mnene hana haja ya kushinda hoja, yamtosha kuirefusha. Hapa Kenya, sheria ya mali ya viwanda ya mwaka 2001 humpa mvumbuzi miaka 20. Ni miaka mingi, lakini tusisahau kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Haki yenye tarehe ya mwisho yahitaji mahakama yenye haraka.